Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Sanaa Kati ya Kitale na Bungoma

Anzia Makumbusho ya Kitale. Usianzie sokoni, maana sokoni utauliza bei, na mjuzi haulizi bei. Jumba hili lina asili yake kwa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926, akakusanya wadudu, ndege na vitabu mpaka alipofariki 1966. Jumba la sasa lilifunguliwa 1974. Kwa hiyo usishangae kukuta vipepeo na vyombo vya babu zetu chini ya paa moja.

Simama mbele ya ekicholong, kigoda cha Mturkana, mikono nyuma, kichwa upande. Mwenyewe hukikalia mchana akiwa malishoni. Usiku hukiweka chini ya shingo ili nywele alizosuka kwa udongo zisiharibike. Wewe usiyataje hayo. Matumizi hushusha hadhi. Taja mizani, taja umbo, kisha nyamaza kidogo. Na ukitoka nje ukakutana na mzee amekalia chake kivulini, mpite tu: hicho bado hakijawekewa kioo.

Usidhani nakutania. Mwaka 1988 huko New York, msimamizi wa maonyesho Susan Vogel alichukua wavu wa kuwindia wa Wazande kutoka Kongo, ukiwa umekunjwa na kufungwa kama ulivyosafirishwa, akauweka peke yake katika ukumbi mweupe. Watu wakautazama kama kazi ya msanii wa kisasa. Mama Vogel alikuwa akiuliza swali kuhusu kumbi zenyewe. Wewe huna haja ya swali, chukua taa na ukuta mweupe.

Sasa panda matatu, pita Kiminini na Kamukuywa, ushuke Bungoma. Chagua Agosti ya mwaka usiogawanyika vibaya, yaani wa shufwa, Wabukusu wanapotahiri. Hapa kazi yako itakuwa ngumu. Alfajiri utamwona kijana anatoka mtoni amepakwa tope toka utosini hadi nyayoni, jani la nyasi limesimama kichwani, umati unamwimbia. Ukisema ni uchongaji unaotembea, sema polepole. Wenzako wote pale ni wahakiki na wana kipimo kimoja: kope. Akipepesa mbele ya kisu, ukoo mzima umeshindwa. Kuna mzee atakugeukia akuulize, “Na wewe kijana, ni wa rika gani?” Kama huna jibu, maoni yako kuhusu umbo yahifadhi mfukoni.

Ukiona umezidiwa, kimbilia tamasha la muziki la shule. Zamani wamisheni walizikataza ngoma za jadi kama hizi wakiziita za kipagani. Leo shule zilizoanzishwa na makanisa hayohayo huvalisha watoto sketi za katani, kisha huwasafirisha kwa basi kwenda kutafutia ngoma hizo alama. Mwamuzi ana meza, kalamu na saa. Atakata alama za mavazi, matamshi na uhalisi, ingawa hajawahi kulala nje akingoja kuche pamoja na waimbaji. Mpige picha. Huyo ndiye kielelezo chako: ameweza kuufanya usiku mzima utoshee dakika chache, na bado akasema wimbo ulikuwa mrefu.

Litungu, kinubi cha Wabukusu, nalo ujifunze kulipima. Hesabu nyuzi, saba au nane, gusa ngozi, uliza mbao ni za mti gani. Ila fanya hivyo mchana, mpigaji akiwa hayupo. Ukialikwa arusini Chwele au Kimilili, naye akaanza kutaja majina ya wageni ndani ya wimbo, la kwako litafika. Inuka, cheza kidogo mabega, toa noti, umbandike kwenye paji la uso. Usipotoa hatakuuliza kwa nini. Atakutaja mara ya pili, hapo hakuna sifa tena, na watu wote watacheka kabla hujatafsiriwa.