Waheshimiwa, Njooni Ndakaini na Gambuti

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia maji ya Jiji la Nairobi,

Kila mgao wa maji unapotangazwa, mshtakiwa ni yule yule, mbingu, na hajawahi kupewa nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo naomba kikao chenu kijacho kisifanyike hotelini. Kifanyike kwa miguu, siku nzima, kuzunguka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, mwezi wa Julai, manyunyu yakianguka tangu asubuhi na ukungu ukiwa umelalia mashamba ya majani chai. Najua kuna mbio za kilomita 21 zinazoandaliwa huko tangu 2004 kuhamasisha uhifadhi, lakini anayekimbia hutazama saa. Anayetembea kwenye tope jekundu, gambuti zikizidi kuwa nzito kila hatua, ana muda wa kutosha kutazama maji.

Na maji yapo. Bwawa lilikamilika 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu hushuka kutoka Aberdare ikaingia humo bila kungoja zabuni. Masika ya 2024 yalilijaza pomoni, mafuriko yakasomba nyumba za watu Mathare, na bado mitaa mingi ikabaki na zamu zake za mgao. Bwawa likiwa limejaa na mfereji umekauka, kosa liko mahali fulani katikati, na katikati hapo hakuna mawingu, kuna mabomba. Takriban nusu ya maji ya jiji hupotea kabla ya kulipiwa: mengine huvuja ardhini, mengine huunganishwa usiku na watu wenye spana na marafiki. Kisha mchana kuna maboza na mikokoteni, na mtungi wa lita 20 unauzwa kwa bei inayoizidi ile ya mfereji mara kadhaa. Biashara hiyo haijawahi kulalamikia ukame.

Mtanijibu kwamba ukame si hadithi, na hapo mna haki. Mwanzoni mwa 2017 bwawa lilipungua kweli, mgao ukaanza kwa sababu ya kweli. Ila mvua za 2018 zilipokuja, mgao haukuondoka. Sababu yake haihitaji mtaalamu wa hali ya hewa: sensa ya 1989, miaka mitano kabla ya bwawa kukamilika, ilihesabu watu wapatao milioni 1.3 jijini, ile ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Watu hao hawakunyesha usiku mmoja. Mtaniambia pia kuhusu handaki la kilomita 11.8 lililozinduliwa 2022 kuleta maji ya mafuriko ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini. Ni kazi kubwa na silidharau. Lakini mambo yakibaki yalivyo, katika kila lita mbili zitakazofika jijini kutokana nalo, moja tayari inaijua njia ya kutorokea.

Pingamizi la tatu nalitarajia kutoka kwa wale wasiopenda tope: kwamba bwawa ni mahali nyeti, na umati wa waheshimiwa utachafua chanzo. Hofu hiyo naiheshimu, ingawa wenyeji wamepita kando ya maji hayo miaka yote bila kuyadhuru. Wenyeji hao hao wamelalamika muda mrefu kwamba maji yanawapita kwenda Nairobi huku nyumba zao zikikosa mfereji. Wasikilizeni hapo hapo njiani, mkiwa mmelowa. Mtu aliyelowa huwa hana hotuba ndefu.

Kuhusu marupurupu ya safari, sina kinyongo. Yalipwe ukingoni mwa bwawa, kila mjumbe akishatia sahihi taarifa yake inayoeleza chanzo cha mgao ujao. Neno "ukame" litakubaliwa bila maswali, mradi aliyeliandika aweze kuikabidhi karatasi yake ikiwa kavu.