Aliyeshindwa Ndiye Anayenitoa Jasho

Kama haki ipo duniani, bado haijafika mezani kwangu. Hapo nina ndege mbili za plastiki, kila moja imepunguzwa mara 72 kutoka ile ya kweli: Zero ya Wajapani na Swordfish ya Waingereza. Mwaka 1942 zilikutana juu ya kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Mjapani akashinda kweupe. Mtu angetarajia mshindi ndiye mwenye maringo. Thubutu! Zero haina neno: mwili, bawa, mkia, gundi, msasa kidogo, kwisha. Aliyepigwa ndiye anayetaka kubembelezwa kama bibi harusi.

Swordfish ina mabawa ya tabaka mbili, na katikati yake nguzo nyembamba chungu nzima. Ukizishika za kulia, za kushoto zinaachia. Ukirudi kushoto, gundi ya kulia imeshaota ndevu. Nguzo zikitulia, zinakuja nyaya, maana ndege hii ilifungwa nyaya kila pembe, na kwenye boksi hamna hata uzi. Inakubidi uchukue kipande cha plastiki, ukipashe juu ya mshumaa mpaka kianze kulegea, kisha ukivute taratibu kiwe chembamba kama unywele. Feni lazima izimwe, la sivyo mshumaa unazimika. Mombasa, mwezi wa tatu, feni imezimwa. Jasho linatiririka puani, nawe huthubutu kulifuta kwa sababu mkono mmoja umeshika kibano na mwingine umeshika historia ya Uingereza.

Watu wa nyumbani hawanisaidii. Mpwa wangu ana swali moja tu: "Mjomba, inaruka?" Mke wangu haulizi kitu, anafungua madirisha yote kwa ajili ya harufu ya rangi, upepo unaingia, na usukani wa mkia unapotelea chini ya kabati. Hata karani aliyenikabidhi kifurushi alisoma "ndege ya kivita" kwenye karatasi, akanitazama usoni, akasoma tena.

Lakini anayenimaliza ni jirani yangu. Aliingia, akazizunguka hizo ndege mbili, akainyooshea kidole Swordfish: "Hii yenye mabawa mengi ndiyo iliyoshinda."

Nikamweleza. Zero ilipita kilomita 500 kwa saa. Swordfish ikiwa imebeba topedo, lile bomu la kwenda chini ya maji, ilijikongoja kwenye 220 hivi. Tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Wajapani zilipoishambulia Colombo, Swordfish sita zilikuwa njiani kutoka uwanja wa China Bay kwenda uwanja wa Ratmalana, humohumo Ceylon, kila moja na topedo lake tumboni. Zikaangukia mikononi mwa Zero. Zote sita zilitunguliwa.

"Sasa mbona waliziruhusu kuruka?"

Swali zuri, mzee wangu, lakini mimi si Admirali Somerville, aliyeongoza manowari za Waingereza. Tena ndege hiyohiyo ndiyo iliyozipiga manowari za Italia bandarini Taranto mwaka 1940, na mwaka uliofuata ikauharibu usukani wa Bismarck, manowari ya Wajerumani iliyokuwa tishio la bahari nzima. Usiku wa giza, bila ndege ya adui angani, Swordfish ilikuwa balaa. Mchana, mbele ya Zero, ilikuwa sadaka. Somerville mwenyewe alilijua hilo: alitaka kujificha mchana na kushambulia usiku. Manowari zake na za Nagumo, admirali wa Wajapani, zikatafutana, wala hazikuonana.

"Na sisi Mombasa yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu, tena sana. Baada ya kipigo cha Ceylon meli za Waingereza zilirudi nyuma mpaka hapa Kilindini. Hata wataalamu wao wa kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani walihamia Mombasa, wakafanya kazi yao Allidina Visram, shule tunayoipita kila siku bila kugeuza shingo.

Jirani akatafakari, akakuna kidevu. "Kwa hiyo Wajapani ndio waliotuletea msongamano wa feri?"

Nikarudi kwenye rangi, nako hakuna amani. Mashabiki wanazozana mpaka leo kuhusu rangi ya Zero za mwaka ule: kuna wanaosema kijivu kitupu, kuna wanaosema kijivu chenye umanjano, na kila kundi lina ushahidi wa bati kuukuu. Mimi nimechanganya yangu, nikapaka. Mke wangu akapita, akasema hiyo ni rangi ya ukuta wa jikoni kabla hatujaupaka upya. Hilo ni kundi la tatu.

Mradi ujao nimeshauchagua: Hermes, manowari ya Waingereza ya kubeba ndege. Wajapani waliizamisha tarehe 9 Aprili, karibu na Batticaloa, hukohuko Ceylon, na siku hiyo ndege zake zilikuwa zimeachwa nchi kavu. Sitaha tupu! Hakuna mabawa ya tabaka mbili, hakuna nguzo, hakuna nyaya. Jirani ameshaniuliza nitawezaje kujenga manowari ya kubeba ndege isiyo na ndege. Nimemwambia huo ndio uhalisia wa historia, na feni itakuwa inazunguka.