Mtaalamu wa Honi

Honi ya boti iligoma Jumamosi asubuhi ufukweni Msasani, abiria wanane wakiwa wameshavaa maboya ya kwenda Bongoyo. Laiti ingegoma mashine! Mashine huogopesha watu, kila mmoja humwachia fundi. Honi haimtishi mtu. Ndiyo maana Mtaalamu alisimama.

Kila ufuko una wake. Huyu wa Msasani huvaa kofia yenye nanga ya dhahabu, hubeba mwavuli jua likiwaka, na hujitambulisha kuwa mshauri wa masuala ya bahari. Uzoefu wake, kwa kadiri wavuvi wanavyoujua, ni kivuko cha Magogoni: kwenda Kigamboni na kurudi.

"Mabibi na mabwana," alianza, ingawa bibi alikuwa mmoja tu, tena anauza vitumbua. Akachukua viwili, akaendelea huku akitafuna. "Honi si kitu cha kubonyeza. Honi ni falsafa!"

"Shikamoo mzee," alisema kijana fundi, mkononi ana bisibisi. "Naomba unipishe kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Elimu haina haraka."

Akapaa hadi kwa babu yake, ambaye inasemekana (na anayesema ni yeye) alipuliza siwa ya Lamu, "ile ya pembe za ndovu", wakubwa wa mji wakimsikiliza kwa machozi. Akauinua mwavuli, akaupuliza nchani, apate kuonyesha ufundi wa ukoo. Sasa, siwa ya pembe za ndovu ni ya Pate. Ya Lamu ni ya shaba. Na zote mbili hupulizwa ubavuni. Kama kweli babu alipuliza nchani, basi aliambulia kimya, na hicho ndicho mjukuu hakurithi.

Kijana alipita chini ya mwavuli, akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi nzima.

Mtaalamu alishafika kwenye sheria. Alitangaza kwamba chombo hicho, bila kengele ya shaba na honi ya kusikika hadi Zanzibar, ni haramu kimataifa. Sheria anayoiota ipo kweli: Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977. Zinadai honi kwa chombo cha mita 12 na kuendelea, kengele kuanzia mita 20, na upatu kuanzia mita 100. Kilicho chini ya mita 12 kinatakiwa tu kiwe na njia yoyote ya kutoa sauti inayosikika barabara. Boti ile ina mita 7.

Kisha akafundisha lugha ya honi. Mlio mmoja mfupi, alisema, ni "habari za asubuhi". Miwili ni "nzuri". Mitatu ni salamu ya heshima kwa mkubwa aliye ufukweni, na hapo akajishika kifuani. Mabaharia wa dunia nzima wanaelewa vingine: mlio mfupi, wa kama sekunde moja, maana yake nageuza kulia, miwili, nageuza kushoto, mitatu, mashine zangu zinarudi nyuma. Mitano au zaidi, ya harakaharaka, humwambia mwenzako: sielewi unakusudia nini. Wasikilizaji, kwa bahati mbaya, hawakuwa na honi.

Tiba aliyoitoa ilikuwa fupi kwa kipimo chake. Ing'olewe honi, waya zote, betri na usukani. Ifungwe honi ya upepo kama za malori ya Tunduma, pamoja na mtungi wake. Mtungi ukae wapi? Abiria wawili wabaki.

Kijana alikuwa na mita. Kwenye betri ilisoma volti 12 na ushee. Kwenye honi, mwenzake akiwa amebonyeza kitufe, ilisoma 7. Umeme ulikuwa unapotelea njiani. Akaufuata waya wa hasi, akakuta kichwa chake kimeota kutu ya kijani, kama ilivyo desturi ya shaba iliyozoeana na chumvi. Akakisugua kwa msasa, akakaza. Akabonyeza. Honi ikakohoa.

"Mnaona?" alisema Mtaalamu. "Imekufa."

Ilikuwa imezibwa. Kijana aliifungua, akachokoa mdomoni kwa kipande cha waya, na udongo mkavu ukamwagika: nyigu walikuwa wamejijengea humo nyumba ya familia. Akaipangusa, akapaka grisi kwenye viungio, akairudisha mdomo ukiinama kidogo ili maji yasituame ndani. Basi. Kama utando wa ndani ungekuwa umeliwa na kutu, angefunga honi mpya ya volti 12 ya chuma kisichoshika kutu, kazi ya bolti mbili. Muda wote huo Mtaalamu alikuwa kwenye sura inayohusu kiatu alichovaa siku alipokutana na nahodha Mgiriki.

Abiria walipanda. Kulikuwa na ngalawa mbili nyuma, hivyo boti ilipoanza kurudi kinyumenyume kutoka ufukweni, kijana akabonyeza mara tatu, vifupi, safi kabisa.

Mtaalamu alivua kofia, akainama.

Vitumbua viwili bado havijalipwa.