Ruta ya Chaki

Kampuni ya Cisco ilianza kupeleka mafunzo ya mitandao shuleni na vyuoni mwaka 1997. Habari zilitufikia. Juzi, katika chuo kimoja hapa Nkubu, nilikuta ruta imechorwa ubaoni, vitaa vyake vimekolezwa kwa chaki ya kijani. Kazi safi, sina neno. Ruta yenyewe ipo, imefungiwa kabatini isije ikaharibika. Ufunguo anao mkuu wa idara, na mkuu yuko semina. Semina, nasikia, ni ya mafunzo kwa vitendo. Kijana akihitimu huvuka barabara hadi kwa fundi simu aliyeishia darasa la nane, akaonyeshwa jinsi ya kushika bisibisi. Karo ya huko ni kumletea fundi chai.