Shirika Langu ni Lipi?

Kivinjari changu kimenitangazia kwamba kinasimamiwa na shirika langu. Maneno hayo yako chini kabisa ya menyu, kwa herufi ndogo zenye adabu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kisumu, na mashirika niliyo mwanachama wake yanahesabika: kanisa, na chama cha kuzikana ambacho mweka hazina wake bado anaandika michango kwa kalamu kwenye daftari lililolowa chai. Nimemuuliza mweka hazina. Anaapa hajaigusa laptopu yangu.

Aliyeigusa ni mpwa wangu. Aliiazima jioni moja ageuze CV yake iwe PDF, akatafuta programu ya bure, akaipata, tena haraka mno. Tangu siku hiyo nikifungua kivinjari napokewa na mlima wenye theluji, utabiri wa nyota ya Ng'e na kisanduku cha kutafutia nisichokifahamu. Nikiandika humo "bei ya mbuta Dunga", anwani ya juu inabadilika na kubadilika tena kabla sijapepesa jicho, kila jina halisomeki, kisha natua kwenye mtambo mwingine wa utafutaji, mkubwa na wa halali kabisa, ambao sikuuomba. Ni kama kupanda boda Kibuye uende Kondele hapo, ukazungushwa hadi Nyamasaria kwa sababu mwenye boda ana kamisheni yake ya kuchukua huko.

Na kamisheni ndiyo siri yote. Mitambo ya utafutaji huwalipa washirika wanaoiletea watu. Ukibofya tangazo, senti kadhaa hugawanywa njiani. Kwangu mimi hawapati hata gorogoro ya omena. Ila hawakuja kwangu peke yangu. Februari 2020 Google iliondoa viendelezi vya kivinjari zaidi ya 500 kwenye duka lake, baada ya mtafiti Jamila Kaya na kampuni ya Duo Security kugundua kwamba vilikuwa vikiwaswaga watu kwenye matangazo na kwenye tovuti za ulaghai. Waliokuwa wamevipakua walipita milioni 1.7. Zidisha hizo senti, utaona kwamba hawa jamaa hawauzi omena.

Matangazo yenyewe sasa! Natafuta pampu ya maji, naletewa wanawake wapweke "walio karibu nawe jijini Nairobi". Mtandao wetu huku hupitishiwa Nairobi, basi matapeli nao wanaamini Kisumu nzima imehamia huko, kilomita zaidi ya 300. Hata uongo hauletwi hadi ziwani. Mama watoto alipita nyuma ya kiti changu saa hiyohiyo, akasoma, akaniambia, "Mwalimu, nauli utajitafutia," akaenda zake jikoni.

Juni ikafika, na hapo kicheko kikaisha. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, na mtu kama mimi haandiki anwani ya iTax herufi kwa herufi, anaitafuta. Yaliyokuja juu yalikuwa matangazo matupu: nikusaidie PIN, nikujazie ritani, lipa hapa kwanza. Mlango wenyewe wa serikali niliukuta chini kabisa, baada ya kuviringisha ukurasa hadi kidole kikauma. Najiuliza ni wazee wangapi wameishia kwenye tangazo la pili.

Mpwa wangu nilipomwita alijibu, "Anko, hiyo ilikuja yenyewe."

Simlaumu sana, maana kuja yenyewe ni ufundi wa siku nyingi. Kwa miaka kadhaa, mtu aliyesasisha Java kwenye Windows alikutana na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki kwa niaba yake: weka na upau wa utafutaji wa Ask. Asiyeiondoa tiki alihesabiwa amekubali. Na hao walikuwa watu wenye ofisi, mawakili na anwani ya posta. Hawa wa kwangu hawana hata anwani. Kenya tuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, inayotoa faini ya hadi shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayevuruga kompyuta ya mtu bila idhini. Nzuri sana. Nimpeleke nani kituoni, Ng'e?

Nikajaribu kukiondoa kiendelezi kilicholetwa na ile programu ya bure. Vingine vyote vina kitufe cha kuondolea, hiki hakina. Nikaibeba laptopu hadi saiba, Kondele.

"Mwalimu, hii imewekewa amri za ofisi," kijana wa saiba akasema, akanifunulia kila kitu. Windows huziruhusu kampuni kuwapangia wafanyakazi wao vivinjari: kiendelezi gani kiwekwe kwa lazima, ukurasa gani ufunguke kwanza, nini kisiondolewe. Amri hizo hukaa ndani ya sajili ya Windows. Ile programu ya bure ilijiandikia amri zake humo, basi kivinjari kikaamini nina bosi. Miaka yote nikisubiri kustaafu, nimestaafu, nimeajiriwa tena bila barua wala mshahara.

Akafuta folda moja ya sajili, akazima, akawasha. Kitufe kikarudi. Akakibofya, na mlima ukaondoka na theluji yake. Shilingi 300. Kisha, kwa roho safi, akataka kunibandikia kiendelezi cha kuzuia matangazo. Dirisha dogo likafunguka: kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote.

"Hii ni nzuri, Mwalimu," akasema.

"Na ile tuliyoitoa iliomba nini?"

Akafikiri kidogo. "Iliomba hivyohivyo."

Nikamwambia aondoe mkono kwenye kipanya kwanza, tuzungumze.