Beberu wa Moyale na Ubongo wa Olkaria

Lori la alfajiri lilipowashusha mbuzi wa Moyale kwenye machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, Nyati alikuwa tayari amepanda juu ya rundo la ngozi mbichi. Alitumwa kutoka Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini, kueleza Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030.

"Ndugu zangu, Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza dola bilioni 1. Mvuke wetu utaendesha kituo cha data, ubongo wa megawati 100, na hizo ni za kuanzia tu!"

Korongo juu ya mabati wakashangilia. Hao hushangilia kila lori liingialo.

Beberu mzee akauliza, "Mheshimiwa, chipu za ubongo huo zatoka wapi?"

"Taiwan, kwa michoro ya Wamarekani."

"Na Mmarekani akigoma kuuza?"

Nyati akanyamaza. Januari 2025 Washington ilitangazia nchi nyingi kikomo cha chipu, Kenya ikiwemo. Mei ikakifuta. Mara zote mbili hakuna aliyetuuliza.

Panya akachomoza mtaroni. Yeye na wenzake ndio waliokesha Nairobi wakiisomea mashine maandishi ya ukatili ili ijifunze kuyakataa, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. "Tulipougua kwa yale tuliyoyasoma," akasema, "kila tuliyemwendea alisema mwajiri si yeye."

Aliyekituliza kikao ni Mama Paka, anayeosha matumbo langoni mwa machinjio na kulipwa kwa siku. Alipojisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyoanza Oktoba 2024, mfumo ulimuuliza habari za ukuta, choo na mifugo. Mifugo! Mbuzi wote wanaompita pale, hana hata kwato moja. Ukamkadiria mchango wa mwaka mzima, alipe kwa mkupuo. Alipolalamika, kijana wa saiba akamgeuzia skrini: mfumo umeshasema.

"Mheshimiwa, mimi sikatai mashine. Mwanangu akiugua, na initibie hata usiku. Lakini ikinikosea, nimwendee nani? Nataka mtu mwenye jina na ofisi, awezaye kuibatilisha."

Nyati akapekua karatasi zake, mbele na nyuma.

"Andika hapo," Beberu akamwambia. "Mashine isipewe dawati la serikali kabla hajatajwa afisa wa kuisahihisha, na amsikilize mlalamishi kwa Kiswahili au Kiborana."

Nyati akataka kurudi kwenye habari za uwekezaji. Beberu akamzuia, "Maliza kwanza kuandika."