Nilikataliwa kwa Kujulikana

Muhtasari wa kikao cha kamati ya chama chetu cha akiba na mikopo ulisambazwa jana kwa wanachama wote, na katika kifungu cha nne katibu, ambaye hajapata kusahau nukta wala kumsitiri mtu, ameandika kwamba fundi alikataliwa na mashine aliyoisimika mwenyewe, kisha akaingia kwa jina lisilo lake. Fundi huyo ni mimi. Kila neno la kifungu hicho ni la kweli, na hapo ndipo ulipo uchungu wake. Maana uongo ungekanushwa, lakini ukweli uliotolewa nusu hauna dawa ila kuutoa mzima, nao mzima wake hauenei katika kifungu cha nne.

Kamati ilikuwa imealikwa kushuhudia daftari za chama zikihama kutoka katika majalada ya karatasi na kuingia katika hifadhidata ya PostgreSQL, niliyoisimika juu ya Debian, ambao ni mfumo endeshi huria usiouzwa. Projekta iliwashwa, mapazia yakateremshwa, Bwana Mwenyekiti akasafisha miwani yake kwa ncha ya kanzu, na Bi. Mweka Hazina akaketi na jalada la zamani mapajani, ameliwekea mikono yote miwili. Kwa heshima yake nilikuwa nimekwisha kuunda ndani ya hifadhidata mtumiaji aitwaye hazina, nikamtungia nywila ndefu yenye herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, nywila ambayo nilikuwa na hamu kubwa ya kuiandika mbele ya kadamnasi. Nikatoa amri ya kuingia kwa jina la hazina, nikaweka vidole tayari, nikangoja kuulizwa. Sikuulizwa kitu. Badala yake ukutani pakatokea mstari mmoja wa Kiingereza, herufi zake urefu wa shubiri, uliotangaza kwamba uthibitisho wa mtumiaji hazina umeshindikana.

“Mwanangu,” akasema Bwana Mwenyekiti kwa upole uliozidi kuniumiza, “mashine haikujui?”

“Inanijua, Mzee. Imenikataa kwa sababu inanijua.”

Jawabu hilo lilipokewa kwa kimya ambacho katibu alikitumia kuandika. Na kwa kuwa hakuna aliyeniomba niendelee, naendelea hapa, kwani mambo haya yana hikima kubwa, na mtu akisha kuyafahamu huona fahari kufedheheshwa na kitu chenye akili kiasi hicho.

Seva ya PostgreSQL ni nyumba yenye milango miwili. Wa mbele umeelekea mtandaoni, nambari yake 5432, na abishaye hodi hapo, hata kama amekaa kwenye kompyuta hiyohiyo, huhesabiwa mgeni na hudaiwa nywila. Wa pili ni wa uani: nao ni faili la namna ya pekee, liitwalo soketi, lililohifadhiwa katika saraka ya /var/run/postgresql, lisilofikiwa ila na programu iliyo ndani ya mashine yenyewe. Katika Debian, apitaye uani hadaiwi nywila hata kidogo. Bawabu hamtazami usoni wala hasikilizi maneno yake, bali hukigeukia kiini cha Linux na kukiuliza: programu hii inayogonga ni ya nani? Na kiini, ambacho ndicho kinachoendesha kila programu katika mashine na kujua kila moja iko chini ya nani, hujibu kwa nambari isiyoghushika, maana haikutolewa na mgeni bali na mwenye enzi. Kisha bawabu hulinganisha jina uliloliomba na jina ulilo nalo. Yakiwa sawa, karibu. Yakitofautiana, rudi, hata ukiwa na nywila sahihi kwenye ncha ya ulimi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilipita uani nikasema mimi ni hazina. Kiini, kilichokuwa kimenipokea asubuhi ile kwa jina nililopewa na wazazi wangu, kikashuhudia kwa insafu kamili kwamba sivyo.

Sheria za mabawabu hawa zimo katika faili moja, pg_hba.conf, nazo husomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unaolingana na mlango uliopitia, hifadhidata unayoitaka na jina unaloliomba ndio utakaokuhukumu. Ukishindwa kwa mstari huo, ya chini yake haisomwi tena, ijapokuwa mmojawapo ungalikupitisha. Hapana rufaa. Nimewahi kuhudhuria mabaraza ya wanadamu yenye sheria nyingi kuliko hizo na uamuzi mchache zaidi.

Basi nikafanya lifanywalo na kila msimamizi: nikatumia amri ya sudo, ambayo humruhusu aliyeaminiwa kulivua jina lake kwa muda na kuvaa la mwingine, nikavaa la postgres, mtumiaji mkuu ambaye Debian humuumba wakati wa kusimika na kumwacha bila nywila, ili asiwepo awezaye kujidai kuwa yeye kwa kuandika neno la siri tu. Mlango ukafunguka. Nikadhani nimepona.

“Huyu Postgres ni nani?” akauliza Bi. Mweka Hazina.

“Ndiye mkuu wa hifadhidata, Bibi.”

“Ni mwanachama?”

“Hapana.”

“Amenunua hisa?”

Nikakiri kwamba hakununua. Akalivuta jalada karibu zaidi na tumbo lake, na kwa hakika sina hoja ya kumjibu mwanamke aliyeambiwa kwamba mkuu wa fedha alizozilinda maisha yake yote ni mtu asiye na mwili, hisa wala nywila.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Mara moja programu niliyokuwa nikiiandikia amri ilininyamazia kwa muda mrefu, kumbe inangoja nukta mkato mwishoni mwa amri. Mara nyingine toleo jipya lilisimikwa kando ya la zamani, likajichagulia mlango 5433, na kwa saa nzima wanachama wote wakaonekana kuwa hawana hata senti moja. Na umeme ulipokatika katikati ya kuingiza marejesho ya mikopo, seva ilipoamka iliisoma shajara yake, kwa kuwa haithibitishi badiliko lolote kabla ya kuliandika kwanza humo, ikarudisha kila lililokwisha kuthibitishwa bila kupungua kitu. Juu ya hilo la mwisho katibu hakuandika kifungu.

Hapa naomba kuacha mzaha. Nilipoleta hesabu ya ujira wangu pamoja na bei ya diski ya pili ya kuhifadhia nakala, nilijibiwa, “Si ulisema ni ya bure?” Kikao hichohicho kiliidhinisha maturubai, biriani na fulana za mkutano mkuu, navyo havikuulizwa swali. Kweli, PostgreSQL haidai malipo. Ilianzishwa mwaka 1986 na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, wakaipa lugha ya SQL. Na tangu 1996 ilipopewa jina ililo nalo imetunzwa na watu walioenea duniani, wengine wakijitolea, wengine wakilipwa na makampuni yao. Lakini hati ya leseni yake, ambayo ni fupi kuliko muhtasari wa kamati yetu, inasema waziwazi kwamba chuo kile hakina wajibu wa kuitengeneza, kuisaidia wala kuisahihisha kwa ajili yako. Kila toleo kuu hutunzwa kwa miaka 5, kisha huachwa. Hao waliotoa kazi yao bure wamekwisha kusema mpaka wake uko wapi. Kutoka mpaka huo hadi kwenye akiba ya mama anayeuza mihogo ni kazi ya fundi, naye fundi hula, hulipa kodi ya nyumba, na huamshwa usiku seva inapozimika.

Enyi viongozi wa vyama, shule na zahanati mliokwisha kusimikiwa programu huria, mlipeni aliyewasimikia, mnunue diski ya pili iwekwe katika jengo jingine, na kila mwisho wa mwezi mumtake airejeshe nakala katika kompyuta tupu nanyi mkiangalia, mpaka mwanachama mmoja asomewe salio lake na alikubali. Nakala ambayo haijapata kurejeshwa haijathibitika kuwa nakala.